Kesi ya kugombea mwili wa marehemu: mwongozo kamili wa gharama kwa familia za Kisumu, Nakuru na Magharibi

Familia nyingi huanza kuuliza kuhusu gharama baada ya hukumu kusomwa. Kufikia hapo mwili umekaa mochari wiki kadhaa, mawakili wanadai salio, na hakimu amemaliza kwa sentensi fupi: kila upande ujilipie gharama zake. Aliyeshinda anatoka mahakamani na haki ya kuzika lakini hana pesa za jeneza.

Hali hii imewakuta wajane, wazazi na ndugu wengi mno katika eneo letu, na mara nyingi ingeepukika katika siku tatu za kwanza. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza siku ugomvi unapozuka. Kuna kanuni moja utakayoiona katika kila hatua: panga bajeti kana kwamba hata ukishinda hutarudishiwa shilingi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kumpigia wakili simu

- Kitambulisho chako, nakala ya kitambulisho cha marehemu, na taarifa ya kifo kutoka hospitalini au kwa naibu wa chifu
- Kibali cha mazishi kama kimeshatolewa, au jina la aliyekichukua
- Uthibitisho wa uhusiano: cheti cha ndoa, majina ya waliohudhuria utoaji wa mahari, vyeti vya kuzaliwa vya watoto
- Wosia au ujumbe wowote ambao marehemu alieleza anataka kuzikwa wapi
- Bili ya mochari kwa maandishi, ikionyesha bei ya kila siku na jina la aliyeupeleka mwili
- Daftari moja la kesi, na mtu mmoja anayeaminika wa kuliandika

Bili ya matibabu iweke kando. Hilo ni deni tofauti kati ya familia na hospitali, na ukilichanganya na gharama za kesi hutajua ni wapi pesa zinavuja.

## Hatua ya 1: Pima nguvu ya madai yako kabla ya kutumia pesa

Katika sheria ya Kenya, mwili wa marehemu haumilikiwi na mtu kama mali. Mahakama huuliza ni nani mwenye haki ya kwanza ya kuzika, na jibu hutokana na ushahidi wa kila familia.

Kesi ya S.M. Otieno ya 1987, ambapo ukoo wa Umira Kager ulimshinda mjane na marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya, bado hutajwa katika kila kikao cha wazee. Ukoo unaoitegemea hiyo peke yake unajidanganya. Mwaka 2004 Mahakama Kuu, katika kesi ya familia ya Njoroge, ilisema anayetangulia katika mipango ya mazishi ni mtu aliye karibu zaidi na marehemu kisheria, na kwa kawaida ndoa ndiyo kiini cha ukaribu huo. Katiba ya 2010 nayo imeweka usawa wa mume na mke wazi. Hata hivyo mjane naye asidhani cheti kinatosha. Mahakama itauliza kama mliishi pamoja hadi mwisho, nani alimuuguza, marehemu alitaka nini, na mila ya jamii yake inasemaje.

Mila inahitaji kuthibitishwa. Kifungu cha 3(2) cha Sheria ya Mahakama kinaruhusu mila iongoze uamuzi mradi haipingani na haki na maadili, lakini hakimu hataichukua tu kwa sababu mzee mmoja ameitamka kwa sauti kubwa.

Kaa na daftari, uandike hoja zako upande mmoja na za wenzako upande wa pili. Ikiwa mliachana miaka mingi na hakuna aliyewahi kujaribu kuwapatanisha, au ikiwa marehemu aliacha wosia unaokupinga, ni afadhali ulijue leo ukiwa bado hujatoa amana kwa wakili.

## Hatua ya 2: Itisha kikao kimoja, na kiandikwe

Kikao mbele ya chifu au wazee wa pande zote mbili ni nafuu kuliko siku moja ya kesi. Lakini kikao kisichoandikwa ni maneno matupu. Andikeni tarehe, waliohudhuria, kila upande ulitaka nini, na mlikubaliana au mlikwama wapi. Wote watie sahihi. Anayekataa, jina lake liandikwe kuwa alikuwepo na akakataa.

Karatasi hiyo ina faida mbili. Hakimu anapoamua nani alipe gharama, huangalia mwenendo wa pande zote. Aliyealikwa akadharau mwaliko hujiweka pabaya. Pili, mkikubaliana sehemu tu, tuseme mnabishania siku na si mahali, kesi inakuwa ndogo.

Mkishindwa, tuma barua ya madai mara moja, hata kama muda unaotoa ni saa chache. Itume kwa WhatsApp na uhifadhi picha inayoonyesha imefika. Anayekimbilia mahakamani bila onyo anaweza kunyimwa gharama hata akishinda.

Tahadhari: Kikao kisiwe mtego wa kupoteza muda. Kuna familia huongea na mjane sebuleni huku vijana wengine wameshaenda mochari na gari. Fanya hatua ya 3 siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 3: Dhibiti mita ya mochari

Gharama inayoumiza zaidi mara nyingi si ya wakili. Ni ya mochari, kwa sababu inaongezeka usiku na mchana, Jumapili na sikukuu, iwe hakimu ameketi au hakuketi. Chukua mfano: mochari ikitoza 1,000 kwa siku, siku 40 ni 40,000 kabla hujahesabu dawa ya kuhifadhi, gari na jeneza.

Nenda ofisini, iwe ni hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, hospitali ya kaunti ya Nakuru, Kakamega au mochari ya binafsi, uombe bei ya kila siku kwa maandishi. Uliza pia ni nani aliyetia sahihi wakati mwili unapokelewa, kwa kuwa huyo ndiye watakayemdai kwanza. Linganisha bei. Pande zote zikikubali, mwili unaweza kuhamishiwa mahali nafuu zaidi kwa maandishi kwamba uhamisho haumpi mtu yeyote haki ya kuzika.

Acha barua inayosema kuna mgogoro na kwamba mwili usitolewe kwa upande mmoja. Barua hii inawatahadharisha wahudumu, lakini haina nguvu ya amri ya mahakama. Mwenye kibali cha mazishi na risiti za malipo anaweza kuondoka na mwili kama hakuna amri.

Utajua umefaulu ukiweza kujibu bila kusitasita: bili imefika ngapi leo, na kesho itakuwa ngapi.

## Hatua ya 4: Tenganisha mchango wa matanga na mchango wa kesi

Hapa ndipo familia huvunjika hata baada ya kuzika. Watu wametuma pesa za jeneza na chakula cha waombolezaji, kamati ikazitumia kumlipa wakili, kisha mtu akauliza hesabu. Ndugu aliye Dubai aliyechanga kwa machozi ana haki ya kujua pesa yake ilikwenda wapi.

Fungua namba mbili au akaunti mbili. Watangazie wachangaji waziwazi: hii ni ya mazishi, hii ni ya mahakama. Asiyetaka kufadhili kesi dhidi ya nduguye asilazimishwe.

Usiguse mali ya marehemu. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinafanya kosa la jinai kwa mtu kujichukulia au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya sheria: faini isiyozidi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kifungu cha 83 kinamtaka msimamizi wa mirathi alipe kutoka kwa mali gharama za mazishi ya kadiri. Kwa hiyo risiti za jeneza, gari na mochari zihifadhi vizuri, kwani zinaweza kudaiwa baadaye. Usitegemee kwamba ada za mawakili wa kesi ya mazishi zitaingizwa humo.

## Hatua ya 5: Elewana na wakili kwa maandishi

Kwanza hakikisha ni wakili. Tovuti ya Chama cha Wanasheria (LSK) ina sehemu ya kutafuta jina na kuona kama ana leseni ya mwaka huu. Anayejiita wakili kwenye ngazi za mahakama bila jina kuonekana humo, achana naye.

Kisha amueni nani ni mteja. Wakili hamdai "ukoo". Anamdai aliyempa kazi. Baba mdogo aliyetia sahihi kwa niaba ya watu thelathini atabaki peke yake simu zikianza kuzimwa. Ama wahusika wakuu wote watie sahihi, ama kuwe na karatasi ya ndani ya familia inayosema kila mmoja atatoa kiasi gani.

Kifungu cha 45 cha Sheria ya Mawakili kinatambua makubaliano ya ada yaliyoandikwa na kutiwa sahihi na mteja. Yadai. Ndani yake pawe na ada ya kupokea kazi na hatua inazofunika, malipo ya kila siku ya kuhudhuria, ada za mahakama na za mpeleka hati (anayewafikishia wahusika hati za kesi), usafiri kama wakili anatoka mji mwingine, kodi ya VAT ya 16%, na kitakachotokea mkielewana mapema. Swali hili la mwisho husahaulika sana: mkiafikiana siku ya tatu, je, utalipa ada nzima?

Sheria inamkataza wakili kutoza chini ya kiwango kilichowekwa, kwa hiyo usipoteze siku nzima mkivutana bei. Punguza kazi yenyewe: peleka nyaraka zikiwa zimepangwa, maelezo yako yakiwa yameandikwa kwa mpangilio wa tarehe, na mashahidi wakiwa tayari.

Tahadhari: Ahadi ya "nilipe tukishinda tu" haina nguvu. Kifungu cha 46 cha sheria hiyo hiyo kinaibatilisha. Na kila malipo, hata ya M-Pesa ya shilingi 500, yawe na risiti ya ofisi.

### Kama huna uwezo

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilianzisha shirika la taifa la kutoa huduma hiyo, na Kisumu lina ofisi. FIDA Kenya, wanaosaidia wanawake, nao wana ofisi Kisumu. Agizo la 33 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai linamruhusu mtu asiye na kitu kuomba kufungua kesi bila kulipa ada za mahakama. Nenda mapema, kwa kuwa maombi haya huchukua muda na mochari haingoji.

## Hatua ya 6: Fungua kesi mahali panapofaa, kisha peleka amri haraka

Kesi nyingi za mazishi huanzia kwa hakimu, na ada za huko ni za chini kuliko za Mahakama Kuu. Chagua mahakama ya eneo ambako mwili umehifadhiwa au wadaiwa wanaishi: Winam, Maseno, Siaya, Butere, Vihiga, Molo na kadhalika. Mwili ukiwa Nakuru na mashahidi wote wako Ugenya, piga hesabu ya nauli kabla ya kuamua.

Utahitaji hati ya madai, ombi la zuio (amri ya muda kwamba mwili usitolewe wala kuzikwa), hati ya kiapo na cheti cha dharura. Siku hizi hati huwasilishwa kwa mtandao, na mfumo hukuonyesha ada kamili kabla ya kulipa. Usimpe mtu pesa taslimu kwenye korido.

Sasa zingatia hili kwa makini. Zuio linalotolewa bila upande wa pili kusikizwa hudumu si zaidi ya siku 14, na Agizo la 40 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai linataka amri pamoja na hati za kesi ziwafikie wadaiwa ndani ya siku tatu. Usipozipeleka, amri inakufa yenyewe. Familia zimelipa kila kitu, zikapata amri, kisha zikaiacha kwenye simu ya binamu hadi mwili ukatoka. Mwili ukishazikwa, unachoomba ni kufukua kaburi. Mahakama hazipendi kufukua, na gharama zake za kesi, kibali na afya ya umma ni mzigo mwingine kabisa.

Mpeleke mpeleka hati mochari siku amri inapotolewa. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, iwe na saa na jina la mpokeaji. Hapo ndipo hatua hii imefaulu.

Kuhusu kuishtaki hospitali: muulize wakili kama ni lazima. Hospitali isiyo na upande, ikiburutwa kesini na kuweka wakili wake, inaweza kukuomba gharama.

## Hatua ya 7: Fupisha kesi

Siku ya kwanza mkiwa pande zote mbele ya hakimu, wakili wako aombe kesi kuu isikizwe moja kwa moja badala ya kubishania zuio kwanza na kesi baadaye. Mwili ubaki ulipo, pande zote zipewe siku chache za kuleta majibu, na mashahidi wapangiwe tarehe za kufuatana. Mahakimu wengi hukubali, kwa sababu wanajua marehemu anangoja. Ombi hili dogo linaweza kuondoa wiki kadhaa za bili.

Mashahidi wawe wachache. Kwa mila, mzee mmoja au wawili wanaoweza kueleza na kuhimili maswali wanatosha. Basi la jamaa thelathini kutoka kijijini ni nauli na chakula cha kila siku, na hakuna hata mmoja wao atakayeongeza uzito kwa kukaa nje ya jengo.

## Hatua ya 8: Mkielewana, andikeni pesa pia

Kifungu cha 159 cha Katiba kinahimiza usuluhishi, na upatanishi unaofungamana na mahakama hauwatozi wahusika malipo ya mpatanishi. Uombe. Maelewano yanaweza kuja wakati wowote, hata asubuhi ya hukumu.

Kosa la kawaida ni kuandika "mwili uzikwe kwa baba yake" na kuishia hapo. Wiki mbili baadaye mnagombana upya kuhusu nani alipe mochari. Makubaliano mazuri yanafanana na haya:

1. Mwili ulioko mochari ya (jina) utatolewa kwa (jina na namba ya kitambulisho) tarehe (siku).
2. Mazishi yatafanyika (mahali) tarehe (siku), na hakuna upande utakaomzuia mwenzake kuhudhuria, kuketi na familia wala kutupa udongo kaburini.
3. Bili ya mochari hadi tarehe (siku) italipwa nusu kwa nusu. Kuanzia siku inayofuata italipwa na upande utakaosababisha kuchelewa.
4. Kila upande utajilipia wakili wake.
5. Makubaliano haya hayaamui nani ni mke, nani ni mtoto, wala nani atarithi nini.
6. Kesi imefungwa.

Kipengele cha tano ndicho hufungua milango. Mjane anaweza kuwa tayari mumewe azikwe kwao Butere, ila anaogopa kwamba akikubali, mashemeji watasema kesho yeye hakuwa mke na shamba si lake. Wazazi nao huogopa kwamba wakimwachia mjane, wamekiri ndoa ambayo mahari yake haikukamilika. Ukiutoa mzigo wa urithi mezani kwa maandishi, kinachobaki ni mahali na siku, na watu wazima wanaweza kukubaliana juu ya hayo.

Hakimu akishayapitisha, yanakuwa amri ya mahakama. Chukua nakala yenye muhuri kabla ya kuondoka, uipeleke mochari.

## Hatua ya 9: Baada ya hukumu

Soma sentensi ya gharama kabla ya nyingine yoyote. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinasema aliyeshindwa humlipa aliyeshinda gharama za kesi isipokuwa mahakama ione sababu nzuri ya kuamua vingine. Katika mizozo ya familia iliyofiwa, mahakama huiona sababu hiyo mara kwa mara. Kama hukumu imenyamaza, wakili aulize hapo hapo.

Ukipewa gharama, kumbuka ni zile za kiwango cha sheria. Ulichoelewana na wakili wako juu ya hapo ni chako mwenyewe. Bili ya mochari nayo isipotajwa katika amri haiingii yenyewe, kwa hiyo iombe waziwazi tangu kwenye hati ya madai.

Ukidaiwa wewe, omba bili iliyochanganuliwa kipengele kwa kipengele na uhudhurie siku ya ukadiriaji, yaani siku afisa wa mahakama anapoamua kiasi cha kulipwa. Angalia jambo moja hasa: je, ada imepigwa hesabu kwa thamani ya mashamba ya marehemu? Kesi ilikuwa ya kuzika, na mwili hauna bei. Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Joreth dhidi ya Kigano ya 2002, ilieleza kwamba thamani hutafutwa katika hati za madai, hukumu au maafikiano; isipopatikana humo, mkadiriaji hutumia busara yake. Usiporidhika na uamuzi wa naibu msajili aliyekadiria, una siku 14 za kuandika pingamizi ukitaja vipengele, na ukishapewa sababu una siku 14 nyingine za kwenda kwa jaji.

Usipuuze deni hilo. Linaweza kuongezwa riba, na mdai anaweza kuomba mali yako ikamatwe. Kama huwezi kulipa kwa mkupuo, andika mapema kuomba kulipa kidogo kidogo.

## Kabla ya kukata rufaa

Rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ina siku 30, lakini siku hizo hazimzuii mtu kuzika. Bila amri mpya ya kusimamisha utekelezaji, mwili unaweza kutoka kesho asubuhi. Na ukiipata amri hiyo, mita ya mochari inaendelea kuzunguka, pengine ukitakiwa pia kuweka dhamana.

Muulize wakili maswali mawili, na ajibu kwa maandishi: hakimu alikosea wapi kisheria, na rufaa hii itagharimu kiasi gani pamoja na mochari kwa miezi miwili. Waite wote waliotia sahihi katika hatua ya 5, uwasomee jibu hilo pamoja na salio la daftari. Asiyekuwa tayari kuongeza mchango wake aseme hapo, jina lake liandikwe, na rufaa ifunguliwe kwa majina ya wale tu watakaoilipia.